Funga Daftari, Ujiulize Leo!

Wewe unayesoma maneno haya, simama hapo hapo! Jibu kwanza. Jumapili iliyopita ulikaa kwenye benchi ukasikiliza mahubiri. Yalisema nini? Mwezi uliopita bwana shamba alisimama mbele yenu akaeleza dawa ya ukungu wa viazi. Alitaja kipimo gani? Wiki hii mwalimu amejaza ubao mara tatu, ukanakili mara tatu, ukafunga daftari mara tatu. Aliandika nini?

Kimya.

Hukukosa kuwepo, ulikuwepo! Hukukosa kusikia, ulisikia, ukatikisa kichwa! Hukukosa akili, akili unayo, na yeyote aliyewahi kukuambia huna alikudhulumu! Ulipokea, ukaondoka, hukurudi. Basi.

Na unajua. Hilo ndilo linaloniuma. Unajua kabisa kwamba usipolirudia jambo litakutoka, na kila jioni unasema kesho.

Nawaandikia watu wa Mlangali, kule ambako mwezi wa saba umande huganda juu ya majani na watoto huenda shule wamejikunyata ndani ya masweta. Nawaandikia ndugu zao wa Njombe mjini. Nawaandikia wa Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Zambia. Nawaandikia hasa ninyi wa kidato cha nne, mnaoiona Novemba ikija kama basi lisilosubiri abiria. Lakini mama unayeuza viazi kando ya barabara, usimpe mwanao ukurasa huu ukidhani haukuhusu. Fundi, mkulima, mwanakwaya, katekista, kila mmoja wetu amepewa kichwa kimoja, na kichwa kina taratibu zake.

Taratibu hizo hazimwonei huruma anayezipuuza!

Mimi nilizipuuza. Nilikuwa mwanafunzi wa bweni. Muhula mzima nilinakili, nikapamba vichwa vya habari, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Usiku wa kuamkia mtihani wa historia nilitumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi nisisinzie, nikawasha koroboi, nikasoma daftari lote mara saba. Saba! Kila nilipolirudia lilizidi kuteleza, laini kama uji, nikajisemea: nimeiva.

Asubuhi karatasi zikageuzwa. Swali la kwanza lilitoka katika ukurasa nilioujua kuliko yote. Niliuona ukurasa! Niliiona mistari myekundu, niliona mahali wino ulipochuruzika, niliona doa la mafuta ya taa kwenye kona ya chini. Maneno hayakuwepo.

Saa tatu nilikaa na doa la mafuta ya taa.

Nimeibeba asubuhi ile miaka yote hii, ndiyo maana leo naandika kwa sauti ya juu. Sitaki uketi pale nilipoketi!

Sikia habari za mtu aliyejichosha ili wewe usichoke bure. Aliitwa Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, na mwaka 1885 alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu. Mtu aliyemjaribu alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazipanga mafungu mafungu, akazikariri mpaka azitamke bila kukosea. Kisha akaziacha. Kisha akarudi kuzikariri upya, akapima safari hii amepunguziwa kazi kiasi gani. Kile kilichopungua akakiita akiba.

Akiba! Neno la mkulima. Basi njoo tuchungulie ghala lake. Baada ya dakika 20 akiba ilikuwa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34 hivi. Baada ya mwezi, 21.

Umeona mwizi alipita saa ngapi? Hakungoja mwaka uishe! Hakungoja wiki ya mtihani! Aliingia mwalimu akiwa bado anafuta ubao! Dumuzi hula gunia la mahindi kwa miezi, na tunamwogopa, tunanunua dawa, tunachanganya, tunafunga gunia vizuri. Usahaulifu hula zaidi ya nusu kwa saa moja, na tunaenda kucheza.

Utasema, zile zilikuwa silabi tupu, na jambo lenye maana hukaa zaidi. Kweli, hukaa zaidi. Lakini jiulize kwa uaminifu: yale uliyonakili jana bila kuyaelewa yana maana gani kwako? Nayo ni silabi tupu!

Ebbinghaus aliona na jambo jingine, na hili ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila bweni. Fungu moja la silabi alilirudia mara 68 mfululizo, siku moja. Fungu jingine alilirudia mara 38 tu, ila akazigawa katika siku tatu. Kesho yake alipojipima, zile 38 zilimfaa sawasawa na zile 68. Karibu nusu ya jasho, mavuno yaleyale!

Hukuwa unalijua hilo? Ulilijua! Mkulima gani wa Mlangali hubeba mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, akaimwaga yote kwa pamoja wiki ya kuvuna? Ukimwona utamshika mkono, utamwita mzee wa mtaa, utauliza kama kalogwa. Mbolea ina siku zake. Ya kwanza mbegu inapoingia ardhini, ya pili mahindi yakishasimama. Shambani wewe ni mwalimu. Kwenye daftari umekuwa yule anayemwaga mifuko yote siku ya mwisho!

Mtazame mgema ulanzi. Sikusifii kinywaji, nakuonyesha kazi. Asubuhi hupanda mwanzini akakata ncha kidogo, jioni hurudi akakata tena kidogo. Kidogo, kila siku, bila kukosa. Akiruka siku kadhaa, jeraha la mwanzi hukauka na utomvu hukata. Hakuna mgema anayekata mara mia moja Jumamosi ili apumzike mwezi mzima!

Mtazame mwanakwaya. Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana wengi wenu mmeimba kwaya na mna ushahidi vinywani mwenu. Mwalimu wa kwaya analeta wimbo mpya. Anawatenga: sauti ya kwanza huku, ya pili huku, wanaume kule. Anaimba mstari mmoja, kisha ananyamaza na kuwaelekeza mkono. Mkono ule una maana gani? Sasa ninyi! Mnaimba, mnakosea, anawasimamisha. Tena! Mnakosea palepale. Tena! Alhamisi mnarudi, nusu imepotea, mnaitafuta. Jumamosi mnarudi, imepotea kidogo. Jumapili mnasimama mbele ya kanisa mikono mitupu, na sauti ya nne inanguruma bila karatasi.

Nani kati yenu alijifunza wimbo kwa kuutazama? Nani aliushika kwa kukaa nyuma akisema "nausikia, nauelewa, mzuri sana"? Hakuna! Mliushika kwa sababu mlilazimishwa kuutoa kabla hamjawa tayari, mkaukosea, mkausahau kidogo, mkaurudia. Miaka mitano baadaye mtu anaanza noti ya kwanza msibani, nanyi mnaumalizia wote, usiku, gizani.

Halafu mwanakwaya huyohuyo anarudi bwenini, anafungua daftari la bayolojia, anatazama. Anatazama tu! Anatazama mpaka taa izimwe!

Ee ndugu yangu, kichwa ni kilekile!

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulisikia kabla ya kupewa daftari la kwanza. Vijana walipewa habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne, mfululizo. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha kwa vipindi vitatu likaambiwa: funikeni, andikeni mnachokumbuka. Dakika tano baadaye wasomaji walishinda. Walikumbuka asilimia 83, wenzao 71.

Hapo ndipo wengi hujidanganya. Wangeishia hapo wangesema: unaona, kusoma kunatosha!

Wiki moja ikapita. Wakaitwa tena. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40. Waliosoma mara moja na kujihoji mara tatu walibaki na 61.

Na linalonitisha zaidi ni hili: walipoulizwa mapema nani anadhani atakumbuka vizuri, waliojiamini zaidi ni wale waliosoma tu. Wale waliokuwa wanaelekea kusahau! Ulaini ule wa daftari lililozoeleka, ule unaoteleza kama uji, uliwaambia "mmeiva", nao wakaamini. Ndio ulioniambia mimi kwenye beseni la maji baridi. Ndio unaokuambia wewe sasa hivi. Kuufahamu uso wa mtu si kulijua jina lake! Umewahi kukutana na mtu stendi ya Makambako, ukamchekea, mkasalimiana kwa furaha, ukampigapiga bega, na rohoni unatafuta jina huku unatokwa jasho? Hivyo ndivyo ulivyo na daftari lako. Mnafahamiana sura.

Hatari hii haiishii kwenye mitihani. Imekwisha kulipata taifa zima, na tuliokuwepo tuliona.

Mwaka 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi ikasimama. Madarasa yakafunguliwa chini ya miti, kwenye maghala, makanisani. Kina mama wakaja na watoto mgongoni, wazee wakaja na fimbo. Walipopimwa mwaka 1975, walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 5. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 9.6. Kutoka 67 mpaka 9.6 kwa muda usiozidi miaka 20! Sisi ndio tuliofanya hivyo, kwa chaki na vibao, na sijui kwa nini hatujivunii zaidi.

Na angalia walivyofundishwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kuzunguka redio. Walisikiliza, redio ikazimwa, wakazungumza: huyu alisema nini, yule anapinga, tufanye nini hapa kwetu? Kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Kusikia, kusema, kutenda, juma baada ya juma. Hawakuachiwa kutikisa kichwa na kwenda nyumbani!

Bibi yangu alikuwa mmoja wa waliosoma kisomo. Wakati ule Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, na cheti chake kilitundikwa ukutani juu ya jiko, kikawa cha kahawia kwa moshi. Aliandika barua. Alisoma majina kwenye makaburi. Aliniandikia mimi jina langu kwa mkaa juu ya ubao wa mlango. Halafu likaja gazeti mara chache, likaacha kuja. Kitabu kikaliwa na panya. Mwalimu wa kisomo akahama. Hapakuwa na kitu cha kusoma, hapakuwa na wa kumwandikia, hapakuwa na aliyemwambia "bibi, tusomee". Miaka ikapita. Siku moja akaletewa fomu ya mbolea, nikampa kalamu, akaitazama muda mrefu, kisha akanyoosha dole gumba.

Dole gumba! Mwanamke yule aliyeandika barua!

Na bibi hakuwa peke yake. Nchini kote ile asilimia ya wasiojua kusoma, baada ya kushuka hivyo, ilianza kupanda tena miaka ya 1990. Sababu ni nyingi, na umaskini wa miaka ile umo. Lakini mojawapo ni hii tu: watu walifundishwa kusoma, wakanyimwa cha kusoma. Kulikuwa hata na gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Jina lile lilikuwa onyo, nasi tukalichukulia kuwa pambo.

Sasa wewe una maktaba ya shule, una vitabu, una taa ya sola, una macho mazima. Unasubiri nini? Unasubiri dole gumba?

Lugha yetu yenyewe inakukemea. Tunasema kuhifadhi. Mtoto wa madrasa Unguja au Tanga akiishika sura, tunasema amehifadhi. Na kule Makete, kwenye nyanda za maua ya Kitulo, palipotangazwa mwaka 2005, tunapaita pia hifadhi. Neno moja! Je, pori huwa hifadhi kwa kusimika kibao tu? Lina askari anayelizunguka, leo upande huu, keshokutwa upande ule. Na yule mtoto wa madrasa hakuachiwa msahafu autazame. Anaufunga, anakaa mbele ya ustadhi, anasoma kwa moyo, anasahihishwa. Kesho anaanza fungu jipya, lakini kwanza anaombwa la jana, na la wiki iliyopita, na la mwezi uliopita. Wanalijua hilo tangu zamani, kabla ya Ebbinghaus.

Lakini usinielewe vibaya! Sikuhubirii kukariri kama kasuku. Kuna mwanafunzi anayeweza kuitamka sentensi nzima ya Kiingereza kuhusu jani na mwanga wa jua, bila kukosea hata nukta, na ukimuuliza kwa nini mhindi uliofunikwa na gunia hugeuka njano, anakutazama. Anayo maneno, hana jambo. Nyumbani amekua na Kipangwa, shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili, sekondari akafundishwa kwa Kiingereza, na kila alipovuka alidondosha kitu njiani. Msimcheke. Mzigo ule si wake peke yake.

Wewe uliye katika hali hiyo, fanya hivi. Chukua somo la leo, nenda jikoni, mweleze bibi kwa Kipangwa. Mweleze mdogo wako kwa Kiswahili. Mahali utakapokwama, ambapo utaanza kusema "yaani... ile... ile nanii", weka alama. Hapo ndipo hujaelewa! Rudi, elewa, kisha ndipo ujifunze kulisema kwa Kiingereza cha mtihani. Jambo likishashika mizizi katika lugha ya nyumbani, lugha ya pili ni nguo ya kulivika. Bila jambo, unavisha hewa.

Na uulize! Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Tanga, aliharakisha kuweka kwenye jokofu maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, na akaona yamewahi kuganda kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, hapo Iringa kwa jirani zetu, akauliza tena, akachekwa. Alipokuja mgeni, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kijana akasimama mbele ya darasa lililokuwa likimcheka akauliza mara ya tatu. Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 waliichapisha habari ile kwa majina yao wawili, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Wenzake wote walisoma kanuni ileile ya kupoa kwa vitu. Waliinakili, waliikariri, waliitema kwenye mtihani. Wangapi unawakumbuka?

Utaniambia: "Lakini simu inanikumbukia." Naijua hoja hiyo, naisikia kila siku. Unapiga picha ubao, unaweka mfukoni, unajiona umesoma. Hiyo picha imesomwa na nani? Ukitaka kufikiri, vitu vya kufikiria lazima viwemo kichwani kwa pamoja, na kichwa kina mikono michache. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani aliandika kwamba tunashika vitu kama saba hivi kwa mara moja. Wengine baadaye wakasema hata saba ni vingi. Wewe mwenyewe ukitajiwa namba ya simu hushiki tarakimu kumi zilizotawanyika. Unazifunga matita: tatu, tatu, nne. Kuni pia hubebwa kwa tita! Anayejua mengi anashika tita zima kwa mkono mmoja, na asiyejua anaokota kijiti kimoja kimoja mpaka giza linaingia.

Na lala! Narudia kwa wale wa beseni la maji baridi: lala! Katika ubongo kuna kiungo kidogo kinachoitwa hipokampasi, na usingizini ndipo yale ya mchana huimarishwa na kupangwa yakae. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji ili apone kifafa, na sehemu ya kiungo hicho ikaondolewa pande zote mbili. Tangu hapo mpaka alipofariki mwaka 2008, mtu mpya akitoka chumbani na kurudi, kwake alikuwa mgeni tena. Zaidi ya miaka 50! Angetoa nini ili ashike jina moja mpaka kesho? Wewe unacho kiungo hicho, kizima, na unakinyima usingizi, unakinyima marudio, unakinyima maswali!

Walimu wangu, kwa heshima zote, msituachie ubao uliojaa na darasa lililonyamaza. Dakika tano za mwisho, futeni ubao, mseme: andikeni mnachokumbuka. Msiwape alama. Msimchape aliyekosa. Mtoto anayeogopa kukosea hatajaribu kutoa kilichomo, na asipokitoa hakitakaa. Wazazi, acheni kuuliza "umesoma?" Mtoto atajibu ndiyo, na hatakuwa amewadanganya. Ulizeni: "Leo umejifunza nini? Nieleze." Haidhuru kama ninyi hamkusoma sekondari. Hamhitaji kulijua jibu. Mnahitaji kukaa, kunyamaza na kusikiliza mpaka amalize, hata kama chakula kiko motoni.

Nawe kijana, usiseme umechelewa. Ghala la Ebbinghaus halikufika sifuri! Hata baada ya mwezi akiba kidogo ilibaki, na kila aliporudi kazi ilikuwa nyepesi. Yale ya kidato cha pili uliyodhani yamekufa yamelala tu. Yaite! Leo usiku, si Jumatatu. Leo kwenye prepo, si likizo. Somo moja, karatasi moja nyeupe, kalamu moja. Andika bila kuchungulia. Utaona aibu, utaona mashimo, utataka kulifungua daftari kabla ya wakati. Usifungue! Uchungu huo wa kutafuta ndio jembe linaloingia ardhini.

Sasa weka ukurasa huu chini. Uweke kweli, uugeuze. Yule Mjerumani aliitwa nani? Baada ya saa moja ghala lake lilibaki na asilimia ngapi? Zile mara 38 alizigawa katika siku ngapi? Kijana wa Magamba aliweka nini kwenye jokofu? Usichungulie! Jikune kichwa, tafuta, kosea. Ukishindwa kabisa, ndipo urudi kutazama. Kisha keshokutwa asubuhi, ukiwa njiani na jembe begani au mkoba mgongoni, bila karatasi yoyote mkononi, jiulize tena.